Neno Ambalo Mtani Wangu Hakulisema

Treni ilinichukua Dar es Salaam na kunifikisha Tabora nikiwa nimekwisha kusahau miguu yangu hufanya kazi gani. Behewa la daraja la tatu lilijaa magunia na matenga ya kuku, na tangu Morogoro hadi Dodoma mama mmoja mnene alilala begani kwangu, akaamka, akanitazama kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyemlalia yeye. Dodoma akashuka bila kuaga. Akapanda mzee mwenye beberu, na beberu naye akalipenda bega lile lile. Baada ya Itigi dirishani hapakuwa na kitu ila miti, na nyuma ya miti, miti mingine. Nikaanza kuamini kwamba bara zima ni pori moja ambalo watu wachache wamesahauliwa ndani yake.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, na tayari nilikuwa nimeacha kazi Tanga na nyingine Kilosa. Ugonjwa wangu ni huo hadi leo nilipovuka arobaini: nikishajua njia ya mkato ya kutoka kazini hadi nyumbani, mji huniishia utamu. Niliposikia kwamba ushirika mmoja unatafuta karani wa ghala la tumbaku Tabora, niliutafuta mji huo kwenye ramani. Nikauona katikati ya nchi, reli zinaagana hapo, moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza. Mji ambao hata reli imeshindwa kuamua iende wapi, nikasema, huo ndio wangu.

Babu yangu, Mzaramo wa Kisarawe ambaye safari yake ndefu kuliko zote iliishia Ruvu, alinipa wosia mmoja. "Unyamwezini usinunue chakula. Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara. Ukitaka kitu chukua, na mwenyewe mwite mtumwa wako. Atacheka, naye atakuita hivyo hivyo."

Kwa hiyo nilishuka stesheni na njaa yangu, nikamwona mzee mmoja amekaa na birika la kahawa na sinia la kashata. Nikajichotea kashata, nikatafuna, nikasema kwa furaha ya mtu aliyefika kwao, "Mtumwa wangu, mimina na kahawa."

Mzee hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole. "Mtumwa wa nani?"

"Wangu. Mimi Mzaramo."

"Na mimi nani?"

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Pua, ndevu, kilemba. Alikuwa mzee wa ukoo wa Kiarabu, na katika Tabora yote, iliyojaa Wanyamwezi kila pembe, mimi nilikuwa nimemchagua yeye. Watu walianza kusogea. Mchukuzi mmoja akauliza kama ninaumwa. Ndipo ikasikika sauti ya kike nyuma yangu, nzito, isiyo na haraka.

"Mwacheni huyo. Wazaramo wakisafiri, akili huiacha nyumbani ilinde nazi."

Kicheko kikapasuka. Mzee wa kahawa akakaza midomo, ikamshinda, naye akacheka. Mwanamke yule wa makamo, mweusi, mpana, kanga moja kichwani na moja kiunoni, alinikata jicho kuanzia kichwani hadi viatuni. Kisha akalichukua sanduku langu, akajitwika, akaondoka nalo.

"Mama, sanduku langu," nikamwita.

"Lilikuwa. Faini ya kumtukana mzee wa watu."

Nilimfuata kuvuka reli, kupita soko, hadi mtaa wa Cheyo, nikimsihi njia nzima, naye akijibu salamu za watu kana kwamba sipo. Alilitua sanduku ndani ya chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha moja, akasema chumba hicho kilikuwa kinatafuta mpangaji. Hivyo ndivyo nilivyopata nyumba Tabora.

Mama yule mwenye nyumba alikuwa mtani wangu tangu siku ile. Asiyekulia kwenye utani hudhani ni matusi tu. Ni kazi. Mtani hukunyang'anya kofia ukacheka, na siku ya msiba wako ndiye anayepika, anayeosha masufuria, na anayefanya mzaha ambao ndugu hawaruhusiwi kuufanya. Katika kazi hiyo, Cheyo nzima haikuwa na mtu wa kumfikia. Palipotokea msiba wa watu wa pwani, au wa Wagogo, au wa kabila lolote ambalo Wanyamwezi hutaniana nalo, alitumiwa mtu amwite hata kabla ya kutafutwa sanda. Mume alikuwa amekwisha kufa, mtoto hakujaliwa. Alikuwa na vyumba, wapangaji, na nafasi ile. Vyumba hakuvijali sana.

Nilimwona kazini mwezi wangu wa kwanza. Alikufa fundi viatu wa mtaa wa pili, Mzaramo mwenzangu, mtu mwema aliyejulikana kwa jambo moja: kuazima. Koleo, baiskeli, taa, chumvi, kila kitu cha mtaa kilikuwa kimelala kwake angalau usiku mmoja. Mjane alikuwa amekaa mkekani tangu jana yake bila kutoa chozi wala neno, na wanawake walianza kumwogopea. Wanaume walipoinua jeneza, mama mwenye nyumba wangu akajilaza mlangoni, chali.

"Huyu hatoki," alisema. "Koleo langu liko wapi?"

"Mama, tupishe," waliomba.

"Sitaki nyie. Namwuliza yeye. Umeazima koleo, sasa unakwenda mahali wanapochimba. Unadhani sikuelewi?"

Mjane akacheka. Alicheka mpaka akashika mkeka, kisha kilio kikamtoka, chote alichokuwa amekizuia. Mama mwenye nyumba akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda nyuma ya nyumba kupepeta mchele.

Asubuhi nyumbani tulianza hivi. "Shikamoo, mama." "Irudishe ulikoitoa. Shikamoo ya Mzaramo ina mchanga." Mimi nilimwambia kwamba mabega yake ni mapana kwa sababu babu zake walibeba meno ya tembo mpaka wakafanana nayo. Yeye aliniita kiboko wa Ruvu, mpiga ngoma asiye na shamba, kifuu cha nazi. Akipika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliniwekea sahani kubwa na kunionya nisile kwa sababu si chakula cha watu wavivu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata Tanga wala Kilosa.

Ingebaki furaha tu kama nisingejiunga na darasa la jioni.

Miaka ile kila mtu alikuwa anasoma. Wasiojua kusoma walifundishwa kusoma, na sisi tuliojua tulitafutiwa la kufanya. Darasa letu lilikuwa katika shule ya msingi, magoti yetu yamegota kwenye madawati ya watoto. Mwalimu wetu, mwanamke mrefu kutoka upande wa Bukoba, alituambia siku ya kwanza kwamba hatatufundisha kitu. Tutajifundisha wenyewe, kwa kuanza na jambo lolote tunalolipenda, mradi halimhusu bosi wetu wa kazini, na mwishoni kila mmoja atasoma swali lake ukumbini mbele ya watu wa mtaa.

Mtu wa reli alisema anapenda chai. Muuguzi alisema anapenda kulala. Mrina asali mmoja, Mnyamwezi Mkatoliki aliyekuja kwa baiskeli kutoka upande wa Ntalikwa, ambako familia yake ilikuwa imehamishiwa kijiji kipya, alisema anapenda kukaa kimya, na tukamwachia hapo.

"Na wewe?" mwalimu akaniuliza.

"Napenda kutukanwa na mama mwenye nyumba wangu."

Walipomaliza kucheka, mwalimu alisema, "Hayo ni mapenzi. Swali liko wapi?"

Ndiyo ilikuwa mashine yake, na kila tulichoipa ilikisaga. Mtu wa reli alisema chai ni tamu. Mwalimu akasema hiyo ni habari. Wiki iliyofuata mtu wa reli akauliza kwa nini chai ya kwenye treni ni tamu kuliko ya nyumbani. Mwalimu akasema sasa ameanza kukohoa, kama injini inayotaka kuwaka. Wiki ya tatu, kwa jasho, akauliza kabla ya majani ya chai kufika huku watu walianzaje asubuhi, na nani aliwashawishi kwamba walichokuwa wakianzia hakikutosha. "Hilo kalifuate," mwalimu alisema, na mtu wa reli akatembea na kifua mbele mwezi mzima.

Mimi niliuliza watani hutukanana kwa nini. Nikaanza kuuliza watu. Wanyamwezi wa sokoni walisema utani ulianza pale wapagazi wao walipofika pwani, Wazaramo wakashangaa kuona watu wenye nguvu. Mzaramo mmoja mstaafu wa reli alisema ni kinyume: Wanyamwezi walipoona bahari walitaka kuivulia viatu wavuke, tukawacheka hadi leo. Lori la ghala lilipokwenda kijiji cha Ziba nililidandia, nikawauliza wachunga ng'ombe wa kule. Walinisikiliza kwa heshima kubwa, wakanieleza kwamba babu zetu waliogopa ng'ombe wao, na nilipoinuka nikakuta kiatu kimoja hakipo. Nilirudi Tabora na jibu moja na kiatu kimoja.

Hapo ndipo balozi wa nyumba kumi aliponiita. Alikuwa mtu mwema mwenye wasiwasi mwingi.

"Ndugu, nasikia unazunguka unauliza watu makabila."

"Nauliza utani, Ndugu Balozi."

"Utani ni sawa. Makabila siyo. Sisi sote ni Watanzania." Alifikiri kidogo. "Lakini utaujuaje utani bila makabila?"

"Ndilo swali langu."

"Basi lisiwe kubwa," alisema, akaniruhusu.

Darasani mwalimu hakuvutiwa na majibu yangu. "Umekusanya majibu ya watu wanaojua kujibu. Niletee kile ambacho wote wamekiruka. Mama mwenye nyumba wako anakuitaje? Taja yote."

Nikayataja yote, kiboko, kifuu, mpiga ngoma, na mengine ambayo siyaandiki. Darasa lilikuwa linalia kwa kicheko. Mrina asali peke yake hakucheka. Aliinua mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mbona kubwa lenyewe halimo?"

"Lipi?"

"Mtumwa. Mimi nikikutana na Mzaramo, salamu yangu ya kwanza ni hiyo. Mtumwa wangu, umefika? Hata mwanangu mdogo anaijua. Huyo mama yako ni Mnyamwezi wa wapi asiyeijua?"

Nikafikiri. Kweli. Miezi yote ile, katika mvua ile yote ya maneno, hilo halikudondoka hata mara moja.

"Sasa," mwalimu alisema taratibu, "umepata swali."

Nilirudi nyumbani nikikaribia kukimbia. Ndivyo swali lilivyo likikupata: unaliona zuri kiasi kwamba hukumbuki linaishi ndani ya mtu. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, mbona hujawahi kuniita mtumwa wako?"

Mkono wake ulisimama juu ya mchele. "Kwani unataka kuitwa?"

"Wenzako wote huniita."

"Wenzangu gani?"

"Wanyamwezi."

Alitoa jiwe moja dogo, akalitupa nje, akatafuta jingine. Nilijua kwamba anatafuta neno na si jiwe. Aliponyanyua macho hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni aliyemngoja muda mrefu.

"Bibi yangu alikuja na njia," alisema. "Kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtoto wa hivi, amefungwa kamba moja pamoja na wenzake. Alipofika hapa miguu ilivimba, msafara ukamwacha kwa mfanyabiashara mmoja kama mtu anavyoacha mtungi uliopasuka. Wakampa jina la siku aliyofika. Kabila hakuna aliyemwuliza, na yeye alikuwa mdogo, akasahau kusema. Hilo neno lako, Mzaramo, watu wengine walicheza nalo. Kwetu lilikuwa kazi ya mtu."

Nikauliza kijinga, "Na utani?"

"Nikiwa msichana palitokea msiba, mtani hakuwepo. Mtu akanisukuma mbele, sema chochote. Nikasema. Watu wakacheka. Msiba uliofuata wakaniita. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa wapi, na mimi sikujitangaza." Akautikisa ungo. "Sasa wewe na darasa lako mmenijia. Mtakwenda kusoma hayo ukumbini mbele ya watu, sivyo? Nimesikia. Basi siku hiyo watasema, kumbe yule hana haki ya kulala mlangoni kwa mtu. Ukinitoa kwenye utani nabaki na vyumba. Mtu hazikwi na vyumba."

"Sitasoma."

"Sijakuomba." Akanipa ungo. "Chambua. Macho unayo, angalau."

Siku ya kusoma ilifika. Ukumbi wa mtaa ulijaa, maana wasiosoma walikuja kuwacheka waliosoma. Balozi alikaa kando ya dirisha, tayari kwa ukabila. Mama mwenye nyumba alikaa mstari wa mbele kabisa, ameoga, amejifunga kanga mpya, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu na hataki imkute amevaa vibaya.

Mtu wa reli alisoma ya chai, akapigiwa makofi. Muuguzi alisoma ya usingizi, watu wawili wakasinzia, naye akawaonyesha kama ushahidi. Zamu yangu ilipofika nikasoma swali lingine nililolitengeneza ghalani: kwa nini watani hunyang'anyana kofia na viatu, lakini si majembe. Lilikuwa swali zuri. Nilieleza ya Ziba, watu wakafurahi.

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. "Wiki tatu zilizopita ulikuwa na swali jingine. Limekwenda wapi?"

"Limelala, mwalimu."

"Kwa nani?"

Nilikunja karatasi yangu nirudi kukaa. Lakini nyuma ya ukumbi mrina asali alisimama, kofia mkononi.

"Mimi ninalo," alisema. "Mtu asiye na kabila linalojulikana, anaweza kuwa na mtani?"

Sijui alikuwa amesikia nini wala kwa nani. Najua tu kwamba vichwa vilianza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea mstari wa mbele. Watu walikuwa wanajua. Watu wa mtaa hujua siku zote. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Mama mwenye nyumba akasimama. Alijifunga kanga upya, polepole, kama mtu anayejiandaa kutwaa mzigo.

"Bibi yangu aliletwa na njia," alisema. "Mama yangu alizaliwa kando ya njia. Mimi mnaniona. Kama lazima niwe na kabila, basi kabila langu ni njia, na watani zangu ni wote waliopita. Nimecheka misiba yenu. Kama yupo ambaye msiba wake niliucheka bila haki, asimame, nimrudishie kicheko chake nyumbani kwake kesho asubuhi, nimwachie na kilio chake akae nacho."

Hakuna aliyesimama. Mjane wa fundi viatu alikuwa ameketi karibu na mlango, nami nilimwona akishika benchi la mbele yake kama anayezuia mtu asiinuke.

Balozi alikohoa. "Kwa mujibu wa siasa," alianza, "kabila si kitu. Kwa hiyo asiye na kabila na mwenye nalo, wote hawana. Kwa hiyo mama hana upungufu wowote." Alionekana kushangazwa na mahali alipofikia. "Nadhani."

"Ndugu Balozi, bado sijamaliza," alisema mrina asali, ambaye alikuwa amesimama muda wote huo akizungusha kofia. "Sikuuliza ili kumtoa mama. Kijijini kwetu tumechanganywa. Huyu ametoka huku, yule kule, mwingine hata hatujui lugha yake ya nyumbani. Juzi amekufa mtu. Tumechimba, tumezika, tumerudi, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu hakuna aliyejua ana ruhusa gani kwa nani. Ilikuwa kama mkutano. Mke wake mpaka leo hajalia. Mimi napenda kimya, lakini kile hakikuwa kimya cha kawaida. Ndiyo maana nauliza: utani ni lazima urithiwe, au mtu anaweza kuuanzisha? Kama unaanzishwa, nani anajua?"

Wote wakamtazama mama mwenye nyumba. Safari hii walimtazama vingine.

"Huyo marehemu wenu," aliuliza mama, "alikuwa na kasoro gani?"

"Alikuwa anahesabu kuku wake kila jioni kwa sauti, na kila jioni hesabu haikulingana."

"Kasoro safi," alisema mama. "Nakuja."

Alikwenda Jumapili, amekaa kwenye keria ya baiskeli ya mrina asali, miguu upande mmoja, akimlaumu kila shimo. Mimi niliazima baiskeli nikafuata nyuma. Walikuwa wametuandalia viti, na wanakijiji wamekaa kwa mstari, wageni wao kwa wao, wakituangalia kama kamati. Mama hakukaa kitini. Alipita mbele yao akawapanga: wenye nyumba upande wa kisima huku, wenye nyumba upande wa shamba la pamoja kule. Akawaambia wa kisima kwamba wenzao wa shambani hulima kwa macho. Akawaambia wa shambani kwamba wenzao wanakunywa maji mengi kwa sababu hawana la kusema. Kwanza walishtuka. Kisha kijana mmoja wa kisima akajibu kitu, kwa woga, kuhusu jembe la mtu fulani lililoota kutu, na mtu fulani akajibu. Baada ya hapo hatukuhitajika. Mama alikwenda kwa mjane, akachutama uani mwake katikati ya kuku, akaanza kuwahesabu kwa sauti nzito ya mtu aliyekasirika, akikosea kila alipofika katikati. Sikukaa kuona mwisho. Nilisikia tu, kutoka nje ya ua, mwanamke akimsahihisha, kisha akacheka, kisha akalia.

Nilikaa Tabora miaka michache zaidi, muda mrefu kuliko mahali popote kabla au baada. Mwalimu alihamishwa, darasa likafa, lakini mashine yake ilibaki kichwani mwangu, na imenisumbua katika kila mji tangu hapo. Siwezi kununua chapati bila kutaka kujua nani aliamua iwe ya mviringo. Kitu kinachokufurahisha ukikiangalia kwa muda, nacho kinaanza kukuangalia, na hapo lazima uwe mpole, maana mara nyingi nyuma yake kuna mtu anachambua mchele.

Niliondoka kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuijua njia ya mkato. Ilipita nyuma ya kanisa la Wamoravian, kando ya ua wa matofali mabichi. Siku moja nikajikuta nimefika nyumbani bila kukumbuka nilivyofika, nikajua ni wakati. Niliandika barua ya kuacha kazi. Mama mwenye nyumba alipoambiwa aliingia chumbani kwake, akatoka na kikapu kilichofungwa kwa kamba.

"Na mimi nasafiri," alisema.

"Wapi?"

"Kigoma, halafu Ujiji. Nitauliza watu wa kule wanaovuka ziwa. Darasa lako lilikufa, lakini hakuna aliyesema maswali yamekwisha."

"Unataka kujua kabila la bibi?"

"Kabila nilishalisema ukumbini, sirudii." Tulikuwa tunatembea kuelekea stesheni, yeye mbele, kikapu kichwani, mimi nyuma na sanduku langu ambalo siku hiyo hakulitaka. "Kuna jambo lingine. Kuwekwa pale, mtoto, huna mama, huna wa kwenu, hujui lugha. Siku ya kwanza, sawa, unalia. Ya pili, unalia. Lakini bibi ninayemkumbuka mimi alikuwa mcheshi kuliko mimi. Alijifunza wapi? Nataka kujua, kabla hajatutania sisi, alimtania nani. Lazima alikuwepo mtu. Mtoto hachekeshi ukuta."

Nilisimama katikati ya reli. Nilikuwa nimezunguka na utani kwa miaka, nimepoteza kiatu, nimesoma mbele ya ukumbi, na sikuwahi kulifikia swali hilo.

"Tembea," alisema, "utagongwa, nao watasema Mzaramo alikuwa anafikiri, hakuna atakayeamini."

Treni ya Kigoma ilitangulia. Nilimsaidia kupandisha kikapu, naye akanisukuma nishuke kabla sijasema neno la kuagana, akisema maneno ya kuagana ya Wazaramo ni marefu na yana ngoma ndani. Nilibaki jukwaani nikitafuta dirisha lake. Nililiona behewa likianza kusogea, na yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa amekwisha kumgeukia abiria wa kiti cha pili, mzee aliyebeba kapu la dagaa wakavu, na kupitia dirisha lililo wazi nilimsikia akimwuliza, hata salamu bado, kwao ni wapi.